Mjomba anataka kuninunulia kinubi cha mnada. Nikubali?

Ba yaya wa safu ya ushauri, jambo yenu.

Mimi ni binti wa miaka 20, ninakaa Katuba, Lubumbashi. Parokiani kwetu kuna kinubi cha leva (vishikizo vidogo shingoni, kila kimoja kinapandisha uzi wake nusu toni) chenye nyuzi 34. Aliyekiacha ni sista mmoja aliyerudi kwao Ubelgiji, na huu ni mwaka wa nne nikikipiga peke yangu. Nimejifunza kwa video na kwa kitabu cha mazoezi alichokiacha humo ndani ya kifuko. Jumapili nasindikiza kwaya. Noti nasoma, ila polepole.

Nataka kinubi kiwe kazi yangu: muziki wa klasiki, na Mungu akijalia, orkestra. Papa anataka mwaka huu niandikishwe droit (sheria), UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi. Mama yeye huuliza neno moja tu: «Utakula bukari (ugali) na nyuzi?»

Sasa mjomba wangu wa Brussels ameona kwenye mnada kinubi kikubwa cha pedali, Érard ya zamani sana, nguzo yake imepakwa dhahabu. Wanataka euro 1,500. Anasema atakilaza kwenye kontena pamoja na vipuri vya magari anavyotuma huku. Anangoja jibu langu kabla ya mwisho wa mwezi.

Nina maswali mengine mawili. Uzi wa fa wa katikati umenikatikia mara tatu tangu mwezi wa nane, kila mara palepale penye leva, na nimebakiwa na mmoja tu wa akiba. Halafu mkono wa kulia: nikifikisha dakika 40, kidole cha nne kinakuwa kama kimeganda na maumivu yanapanda hadi kiwiko. Kwaya yetu inapenda kuimba kwenye sol na re. Nyimbo za si bemoli (si iliyoshushwa nusu toni) nashindwa kuzisindikiza. Nimeambiwa kinubi hiki hakina bemoli. Ni kweli?

Mpiga nyuzi 34, Katuba

*

Mdogo wetu, tuanze na mjomba, maana yeye ndiye mwenye tarehe. Mwambie asinunue.

Jina Érard ni jina kubwa, hilo hatubishi. Sébastien Érard ndiye aliyesajili mwaka 1810, huko London, mtambo wa pedali unaoupa kila uzi noti tatu: bemoli (nusu toni chini), noti ya kawaida na diesi (nusu toni juu). Vinubi vyote vya orkestra vya leo vinafuata wazo lake. Lakini unachouziwa ni mbao, siyo jina. Érard za mwanzo, zile zenye mapambo ya Kigiriki, zina nyuzi 43. Kinubi cha orkestra cha leo kina 47, na muziki utakaoulizwa kwenye mtihani wa kuingia chuo cha muziki umeandikwa kwa hizo 47. Kwa hiyo hata kama kingefika kizima, ungefika mahali kwenye karatasi ambapo noti imeandikwa na uzi wake haupo.

Na kizima hakitafika. Kinubi cha pedali cha siku hizi kinabeba mvuto wa karibu kilo 900 kwenye ubao wake wa sauti. Mbao za Érard ya zamani zilichongwa kwa nyuzi nyembamba zaidi, zenye mvuto mdogo. Mtu akishanunua, anafunga nyuzi za leo kwa sababu ndizo zinazopatikana dukani, halafu baada ya miezi shingo inajipinda kuelekea kushoto, upande nyuzi zinakoning'inia. Shingo ikijipinda, uzi haupiti tena katikati ya meno ya mtambo. Pale unaanza kusikia mlio wa nzi kwenye kila diesi, na hakuna ufunguo wa kuondoa mlio huo. Dawa ni kubadilisha shingo nzima, kazi ya karakana ya vinubi, na gharama yake inapita mara kadhaa hiyo euro 1,500.

Kuna pia gundi. Vinubi vya karne ya 19 viliunganishwa kwa gundi ya ngozi ya mnyama, na gundi hiyo inalainika kwa joto na unyevu. Hebu fuata njia ya kontena la mjomba: Antwerp, baharini wiki kadhaa, Dar es Salaam au Durban, halafu lori hadi mpakani Kasumbalesa. Unaijua foleni ya Kasumbalesa. Siku tatu, siku tano, bati la kontena linachomwa na jua la mchana, usiku linapoa. Mahali panapoachia kwanza ni kule chini, ubao wa sauti unapokutana na kitako, kwa sababu ndipo nyuzi nene zinapovuta zaidi. Halafu watu wa DGDA, yaani forodha, watafungua sanduku, waone dhahabu, waanze kukisia thamani. Hapo mjomba atajuta kutotuma gia boksi peke yake.

Huenda mjomba ni mtu wa kung'ang'ana. Basi kabla ya kulipa akuletee picha za sehemu tano: shingo ikipigwa kutoka juu, ubao wa sauti ukitazamwa kwa ubavu, kitako, ndani ya sanduku kupitia matundu ya nyuma, kwa tochi, na mtambo wa shingoni, mara tatu, pedali zikiwa juu, katikati na chini. Ubao wa sauti kutuna kidogo katikati ni kawaida, nyuzi zimeuvuta miaka mingi. Ubao kuachana na kitako, hata mwanya wa kupitisha karatasi, ni ugonjwa. Matundu madogo ya duara yenye unga mweupe ni wadudu. Na asikubali neno «kinahitaji nyuzi tu». Kinubi kisicho na nyuzi hakiwezi kupimwa, na mara nyingi nyuzi zilitolewa kwa sababu mbao zilishindwa kuzibeba.

Hata kinubi cha pedali kizuri kabisa kingekupa shida Lubumbashi leo. Zile pedali saba zinavuta fimbo za chuma zinazopita ndani ya nguzo, fimbo zinasukuma mtambo shingoni, na mtambo unageuza visahani karibu 90 vyenye meno mawili mawili. Mtambo huo unarekebishwa na fundi wake maalumu, kwa kawaida mara moja kwa mwaka. Fundi wa piano, hata awe hodari, hana vipimo vyake. Usinunue kinubi cha pedali popote duniani kabla hujajua jina la fundi atakayekigusa.

Sasa kazi yenyewe. Hapa tutasema wazi, na usikasirike.

Wengi wanaokaa kwenye kiti cha kinubi katika orkestra walianza wakiwa na miaka saba, minane, kumi, tena na mwalimu. Wewe una 20, huna mwalimu, na hujawahi kuweka mguu kwenye pedali. Kiti cha orkestra kiko mbali sana na wewe, na kiko mbali hata na waliosoma vizuri, kwa sababu ya hesabu: orkestra inaajiri wapiga violini kwa makumi, kinubi ni kimoja, mara nyingine viwili. Tena kuna majuma kinubi hakihitajiki kabisa. Simfonia za Mozart, kwa mfano, hazina kinubi. Ndiyo maana orkestra nyingi hazimwajiri mpiga kinubi kwa mwezi; zinampigia simu kukiwa na kazi. Nafasi ya kudumu ikitangazwa, watu wanasafiri kutoka nchi nyingine kuja kupiga dakika kumi. Watapiga vipande vilevile ambavyo kila mpiga kinubi anavijua kwa moyo: ile sehemu ya kinubi peke yake inayofungua Valsi ya Maua ya Tchaikovsky, na nyingine ya kwake kutoka Ziwa la Mabata-maji.

Na kiti chenyewe kina mambo yake. Orkestra ya Vienna Philharmonic ilimpokea mwanamke wa kwanza kuwa mwanachama kamili mwaka 1997. Alikuwa mpiga kinubi, Anna Lelkes, na wakati huo alikuwa ameshapiga nao miaka 26. Walihitaji vidole vyake muda wote huo. Uanachama ndio uliochelewa.

Siku ya kazi inakuwa hivi. Unafika kabla ya wengine wote, saa moja au saa moja na nusu kabla ya mazoezi, kwa sababu nyuzi 47 hazilinganishwi huku tarumbeta zinapasha moto. Umekuja na kinubi cha kilo 36 hadi 40 kwenye gari lako mwenyewe, la nyuma ndefu, viti vimelazwa, na kigari cha magurudumu mawili cha kukipandisha ngazi. Kisha unakaa na kuhesabu. Mizani (vipande vya mapigo) 60 ya kimya, 80 ya kimya, halafu noti nne mahali ambapo ukumbi mzima unakusikia. Anayepotea kwenye hesabu hapati simu ya pili. Kuhesabu vimya ni ujuzi kama vidole, na kwenye kwaya yako unaweza kuanza kujifunza Jumapili hii.

Pesa ya mpiga kinubi inatoka sehemu nyingi kwa wakati mmoja: wanafunzi, ndoa, hoteli, mazishi, kanisa, na orkestra mara moja moja. Ukiiona kazi kwa jicho hilo, umri wako siyo kikwazo kikubwa tena. Ndoa za Lubumbashi zinalipa, na kinubi cha nyuzi 34 unakibeba mwenyewe kwenye teksi. Panga bei moja inayojumlisha usafiri na saa mbili za kupiga, dai nusu kabla ya siku yenyewe, na andika kwenye karatasi mambo mawili wasiyoyajua: kinubi hakikai juani, na unahitaji dakika 45 za utulivu kabla wageni hawajafika. Kinubi kikikaa juani nusu saa sauti inaondoka, na bibi harusi ataingia huku unazungusha ufunguo wa kulinganishia nyuzi.

Kuhusu papa: jiandikishe UNILU. Hatusemi hivi kumfurahisha. Mtihani wa kuingia konsevatwari (chuo cha muziki), tuseme ya Brussels ambako mjomba yupo, hauwezi kuwa mwaka huu wala mwaka ujao. Wanasikiliza kinubi cha pedali, na wanapima solfeji: kusoma noti bila maandalizi, kuandika unachosikia. Kusoma kwako «polepole» kutakuangusha kabla ya vidole. Unahitaji miaka miwili ya kazi ya kila siku, na miaka hiyo miwili unaweza kuikalia darasani. Saa mbili kwa siku zinatosha, zikigawanywa mara nne. Baadhi ya shule zina ukomo wa umri, kwa hiyo soma tangazo lao la mwaka huu kwanza, siyo la miaka mitano iliyopita. Na jambo ambalo wengi hawalijui: shule hizo zina vinubi vyake vya pedali, mwanafunzi anafanyia mazoezi humo. Huhitaji kumiliki kimoja ili uingie.

Wakati ukingoja, pedali zijifunze kwa karatasi. Mguu wa kushoto una tatu, kutoka nje kwenda katikati: re, do, si. Mguu wa kulia una nne, kutoka katikati kwenda nje: mi, fa, sol, la. Pedali ikiwa juu ni bemoli, katikati noti ya kawaida, chini diesi. Chukua wimbo wowote wa piano, na kila inapotokea bemoli au diesi mpya, andika chini ya mzani mguu gani unasogea na lini. Utagundua haraka kwamba mguu mmoja hauwezi kusogeza do na si kwa pigo moja, na kwamba lazima uanze kusogeza mapema. Hilo ndilo linalowashinda wanaotoka kwenye leva.

Wakikuambia kinubi ni kitu cha wazungu, waulize kama wamewahi kuona *kundi* ya Wazande, kule kaskazini-mashariki ya nchi hii hii, nyuzi tano na shingo ya upinde. Na wakisema Mkongo hawezi klasiki, Orkestra Simfoniki ya Wakimbangu imekuwapo Kinshasa tangu 1994.

Uzi wa fa.

Hapa barua yako imejijibu yenyewe. Unasema kwaya inaimba kwenye sol na re. Toni zote mbili zina fa diesi, kwa hiyo leva ya fa iko juu kutoka Jumapili hadi Jumapili, na tungeweka dau kwamba hata ukilinganisha sauti unaiacha juu. Leva iliyo juu inabana uzi. Ukizungusha pini huku uzi umebanwa, uzi unajikwaruza kwenye chuma palepale, kila siku, mpaka unakatika. Kuanzia leo: leva zote chini kwanza, ndipo ufunguo. Na ukimaliza kupiga, zishushe zote kabla ya kufunika.

Kabla hujafunga ule uzi wako wa mwisho, chunguza leva yenyewe. Uzi wa zamani ukiwa umetoka, inua leva, sugua pamba kavu mahali inapogusa. Nyuzi za pamba zikinasa, kuna ukali. Msasa namba 1000, kipande cha ukucha, mizunguko michache ya upole, kisha pamba tena. Usitumie tupa, tupa inachimba. Baada ya kufunga uzi mpya, pima kwa programu ya simu: fa ikiwa sawasawa leva ikiwa chini, inua leva. Sindano ikisimama kwenye fa diesi, vizuri. Ikipanda juu zaidi, leva inabana kupita kiasi na itakata tena. Skrubu mbili zinazoishika zilegezwe kidogo sana, leva isogezwe kwa unene wa karatasi, ukaze, upime tena.

Namna ya kuufunga. Fundo linakaa ndani ya sanduku, chini ya ubao wa sauti. Ndani ya fundo weka kipande cha uzi mnene wa zamani, sentimita mbili, ili lisipenye tundu. Pitisha uzi kutoka ndani kwenda juu, kwenye leva, kwenye pini ndogo ya daraja, halafu kwenye tundu la pini ya kulinganishia. Acha ulegevu wa kutosha mizunguko miwili au mitatu kwenye pini. Ukiuacha mrefu zaidi utajazana na kuteleza. Ukiwa mfupi utachomoka. Panda taratibu, nusu toni, pumzika, nusu toni. Nailoni itaendelea kushuka siku nyingi, zaidi ya juma, hiyo siyo kasoro. Ulinganishe mara nne kwa siku, usiulazimishe mara moja kubwa. Mkia unaobaki ukate. Ukiachwa unagusa jirani yake na kulia.

Akiba ikiisha, nyuzi nyembamba kabisa za juu, zile za unene wa milimita 0.6 hadi 0.8, zinaweza kushikiliwa kwa muda na uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, mradi fundi mitambo akupimie unene uwe uleule. Kwa fa ya katikati usijaribu. Na kama nyuzi zako za katikati ni za utumbo wa mnyama, nailoni ya unene huohuo italegea na kusikika kama ndoo.

Kuna jambo la pili linalokuuma bila kujua, nalo ni hewa ya Lubumbashi. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi hewa inakauka, mbao zinanywea, sauti inashuka, nawe unavuta juu kila siku. Mvua za kwanza zikinyesha, ubao unavimba, nyuzi ulizovuta miezi mitano zinajikuta zimekazwa kupita kiasi, na zinakatika tatu kwa usiku mmoja. Kinubi kinapenda unyevu wa kati ya asilimia 45 na 60. Nunua kipima unyevu kidogo. Kiangazi, chukua kisanduku cha sabuni cha plastiki, kitoboe matundu juu, weka sponji iliyolowa na kukamuliwa, ukiingize ndani ya sanduku la sauti kupitia tundu la nyuma bila kugusa mbao. Ulowanishe tena kila siku mbili tatu. Mvua zikianza, kitoe. Kinubi kisisimame karibu na ukuta wa nje wala dirisha. Na mwezi wa sita, baridi ikikaza, watu wakileta mbabula (jiko la makaa) ndani ya chumba cha kwaya, kinubi kihame chumba. Joto la mbabula mita moja kutoka kwenye ubao wa sauti linaupasua kwa mstari mnyoofu, kando ya nyuzi, na ufa huo hauzibwi kwa gundi ya mbao ya dukani.

Bemoli zipo. Nani alikuambia hazipo alikuwa anawaza piano. Inaelekea kinubi chako kimelinganishwa do meja leva zikiwa chini, kwa hiyo leva zinakupa diesi tu. Kishushe kiwe mi bemoli meja: leva zote chini, halafu kila mi, kila la na kila si zishuke nusu toni. Kama uzi mnene kuliko wote ni do na mwembamba kuliko wote ni la, ni nyuzi 14. Ukiinua leva za nyuzi hizo 14 unarudi do meja kama zamani. Sasa una toni nane: mi bemoli, si bemoli, fa, do, sol, re, la, mi. Kwaya itafurahi. Fanya Jumatatu, siyo Jumamosi, kwa sababu kinubi kitahitaji siku kadhaa kutulia.

Mkono. Bila kukuona hatuwezi kusema yote, lakini kidole cha nne kuganda na maumivu kupanda hadi kiwiko, kwa aliyejifunza peke yake, mara nyingi kunatoka sehemu moja: vidole havifungi. Baada ya kuvuta uzi, kidole kinatakiwa kiendelee hadi kiguse kiganja, kisha kilegee. Wanaojifunza kwa video wanakiacha hewani kimekakamaa, tayari kwa noti inayofuata, na msuli haupumziki hata mara moja. Dole gumba liwe juu, vingine vielekee chini. Gumba likilala, kiganja kinajifunga na cha nne kinakosa njia. Kidole kidogo hakitumiki, ni kifupi. Kama unakitumia, acha. Tazama pia kiti: kisicho na mikono, nyayo zote chini, na kwa nyuzi 34 huenda kinubi kinahitaji kigoda cha sentimita 10 au 15 chini yake. Kikiegemezwa vizuri kwenye bega la kulia, kinabaki pale karibu chenyewe. Ukikishikilia kwa bega au goti, kiko chini mno au uko mbali nacho.

Kwa majuma matatu, piga dakika 20, pumzika 10, kengele ya simu ikuamue. Vidole vinne tu, metronomu (kipima mapigo) kwenye 60, weka vyote vinne juu ya nyuzi kabla ya kuvuta cha kwanza, funga kila kimoja. Ikija ganzi au kuwashwa kwenye vidole, simama siku hiyo, na ikirudi siku ya pili mwone daktari. Noti za kufanyia kazi zipo na hazina tena hakimiliki: mazoezi mepesi ya Bochsa, opasi (namba ya kazi) 318, na sonatina saba za Naderman. Nyingi ya hizo zinakaa vizuri kwenye leva. Konseto ya Händel ya si bemoli pia inapigika kwenye leva, ukishabadilisha ulinganishaji. Lakini siyo mwaka huu.

Mwalimu ndiye kitu unachokosa kuliko vyote. Intaneti ya Katuba haitabeba somo la moja kwa moja bila kukatika, na sauti inachelewa. Rekodi dakika tano, simu ikiwa upande wako wa kushoto usawa wa mikono, mara moja ukionyesha vidole kwa karibu, mara ya pili mwili mzima. Mtumie mwalimu usiku, akujibu kwa video. Somo moja kila majuma mawili kwa njia hiyo linazidi kinubi cha dhahabu.

Mjomba anangoja. Unaweza kumwandikia hivi:

«Jambo mjomba, asante sana. Ile Érard tuiache, nitakueleza kwa simu. Ukiweza, pesa ile ile inisaidie hivi: seti nzima ya nyuzi za kinubi cha leva cha nyuzi 34, nitakutumia jina la kiwanda lililoandikwa shingoni na unene wa kila uzi, nyongeza ya fa, do na sol mbili mbili, ufunguo wa akiba, kipima unyevu. Vyote vinaingia kwenye mfuko wa nailoni, mtu anayesafiri anaweza kuvibeba. Inayobaki iweke kwa ajili ya mwalimu, na siku nitakapokuja kwa mtihani, tukodi kinubi cha pedali cha miezi miwili hapo Brussels. Msalimie shangazi.»